Uzi wa madalali wa nyumba na viwanja: vitabu, zana na vifaa ninavyotembea navyo, na kosa lililonifundisha kuvibeba

#1 Dalali wa Goba

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja hapa Dar, mwaka wa kumi na mbili sasa. Eneo langu ni Goba, Madale, Wazo mpaka Tegeta. Kila wiki nakuta kijana mmoja au wawili wameniandikia: "Kaka, nataka kuanza udalali, ninunue nini?" Wengi wanategemea niwaambie simu yenye kamera kali na pikipiki. Vinasaidia, sikatai, ila nikiishia hapo nitakuwa nimewapoteza. Nimeona nishushe uzi, tuchangie wote, na wenye fani zao (wapimaji, mawakili, wathamini) waturekebishe.

Naanza na kisa, maana ndicho kilichojaza begi langu.

Mwaka 2016 nilipewa kazi ya kumtafutia kiwanja dada mmoja muuguzi. Nikapata cha mzee anayeishi Tanga, mguu mbovu, hasafiri. Hati ipo, ramani ya upimaji ipo, upekuzi tukafanya kwa Msajili wa Hati ukarudi safi: jina lake, hakuna rehani, hakuna zuio. Ikabaki kwenda kukiona. Nikachukua namba za kona za kiwanja kwenye ile ramani, nikaziingiza kwenye programu ya simu, nikafuata mshale. Ukatufikisha kwenye uwazi tambarare wenye mkorosho mmoja na nyasi za kiunoni. Bikoni (zile nguzo fupi za kona za kiwanja) nikaona moja, nyingine sikuziona, nikamwambia dada zimefukiwa. Akalipa. Wiki mbili baadaye akamwaga tofali 800 na tripu ya mchanga. Siku ya tatu akatokea mwenye eneo akiwa na mwenyekiti wa mtaa.

Kiwanja chetu kilikuwepo na kilikuwa halali, lakini kilikuwa karibu mita 300 kusini ya pale tuliposimama. Mpimaji tuliyemwita baadaye alinionesha pembeni ya ramani, kwa maandishi madogo: Arc 1960. Simu yangu inasoma mfumo mwingine, WGS84. Namba zinafanana sura, zote za mashariki na kaskazini, lakini ukizichukua za mfumo mmoja ukazisoma kwa mwingine unasogea takribani mita 300. Sikujua. Nilikuwa na simu nzuri kuliko madalali wote wa Goba na sikujua.

Gari la kuhamisha tofali nililipa mimi. Zilizovunjika tulizihesabu naye moja moja: 61. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kiwanja halisi kilikuwa kimeinama kuelekea korongo. Dada alikijenga, lakini alilipia msingi wa mawe ambao hakuwa ameupigia hesabu, kwa sababu mimi nilimwonesha tambarare.

Tangu hapo kifaa nakipima kwa swali moja: kinanisaidia kujua kabla sijasema? Kama hakinisaidii hapo, kitasubiri.

Sasa begi.

Tepu ya mita 50, ile ya faiba. Hiyo ndiyo ya kwanza. Muuzaji atakuhesabia hatua, atakwambia "20 kwa 20 hii, boss". Pima pande zote nne, kisha pima kona hadi kona. Kiwanja cha 20 kwa 20 kilichonyooka, kona hadi kona ni mita 28 na sentimita 28, pande zote mbili. Ukipata 27 huku na 29 na nusu kule, kiwanja kimepinda, hata kama kila upande unasoma 20. Wengi hawapimi huo mshazari, halafu fundi anakuja kuweka kamba ya msingi, nyumba inagoma kukaa.

Lezari ya kupimia vyumba. Ile ndogo ya mita 40 inatosha. Ndani ya nyumba inaokoa muda, unapima vyumba vitano kwa dakika tatu. Nje juani usiitegemee, kile kidoa chekundu hukioni. Mteja anayetaka kujua kama kitanda chake cha futi sita na kabati vitaingia, unamjibu kwa namba.

Chaja ya simu na ndoo ya lita 20. Msishangae. Chaja naichomeka kila soketi ya nyumba, chumba hadi chumba, maana nimeshakutana na nyumba zilizopakwa rangi mpya ambazo nusu ya soketi ni mapambo. Ndoo naikinga bombani na kuangalia saa. Nyumba ikijaza ndoo kwa dakika moja naandika hivyo. Ikijaza kwa dakika sita naandika hivyo, na namuuliza jirani, siyo mwenye nyumba, maji yanatoka siku zipi. Nasogea pia kwenye mita ya Luku, ile ya umeme wa kulipia kabla: ni ya peke yake au wapangaji wanachangia? Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia Luku, kwa hiyo mpangaji lazima aambiwe mapema, wakubaliane na mwenye nyumba nani anaibeba. Ugomvi mwingi wa mwezi wa pili unaanzia hapo.

Buti za mvua. Nyumba iangalie Aprili. Barabara ya Madale ya Januari na ya Aprili ni barabara mbili. Kama nimeipokea nyumba kiangazi, mvua ikinyesha narudi, nasimama getini, nachukua picha ya maji yanapopita.

Simu, pawabenki, stendi ndogo. Nitarudi kwenye simu mkiuliza.

Vitabu sasa. Vijana wananiulizia vile vya Kimarekani vya kujifunza kuuza nyumba. Nimevisoma baadhi. Kuna mambo ya kuongea na mteja utayapata, lakini vimeandikwa kwa nchi ambayo wakala ana leseni ya jimbo, fedha ya mnunuzi inashikwa na mtu wa tatu mpaka umiliki uhamie, na nyumba nyingi hutangazwa kwenye orodha za pamoja za mawakala. Ukivifuata kama vilivyo hapa utaumia. Vyangu ni hivi:

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Zinapatikana mtandaoni bure. Huna haja ya kukariri. Soma aina za umiliki, soma mambo ya raia wa kigeni (asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, kwa utaratibu wake), soma sehemu ya uhamisho. Ukifanya kazi Bagamoyo, Mkuranga au Kisarawe, hiyo ya vijiji ndiyo Biblia na Kurani yako, maana ardhi ya kijiji humalizani na mwenyekiti peke yake hata akiwa na muhuri mkubwa kiasi gani.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mimi sipokei nyumba ya mtu aliyeoa au kuolewa mpaka nimekaa na wote wawili. Siyo simu. Kukaa.

Sheria ya Mazingira ya 2004, ile habari ya kutojenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Na hifadhi ya barabara. Mnakumbuka 2017, kutoka Kimara mpaka Kiluvya, nyumba zilivyobomolewa kupisha hifadhi ya barabara ya Morogoro, mita 121.5 kila upande. Walikuwemo watu waliokuwa na karatasi zao mkononi. Kila nikisimama kwenye kiwanja cha kando ya barabara kubwa au bonde, naanza kwa tepu na ramani kabla ya kuuliza bei.

Sheria ya majengo yenye wamiliki wengi ya 2008 nayo isomeni kama mnauza apatimenti, maana mnunuzi wa ghorofa ya nne lazima ajue ngazi, lifti na paa ni vya nani na nani anavitunza.

Na kitabu cha mwisho ni kaunta buku. Kwire tatu. Nina saba zimejaa. Kila nyumba au kiwanja kilichopita mkononi kwangu kina mstari: tarehe, mtaa, vyumba, bei iliyotangazwa, bei iliyofungwa, siku ilizokaa sokoni, maji, njia wakati wa mvua. Hiyo safu ya bei iliyofungwa hakuna tovuti itakupa. Mtandaoni mnaona bei za matumaini. Mama mmoja wa Salasala alitaka kupangisha kwa laki sita kwa sababu jirani yake alitangaza laki sita. Nikamfungulia daftari, nikamwonesha mistari minne ya mtaa wake, yote imefungwa kati ya laki nne na laki nne na nusu, na ile ya jirani ilikaa tupu miezi mitano. Alitangaza laki nne na nusu, ikatoka ndani ya siku tisa.

Karibuni.

---

#2 Kijana wa Tabata

Mkuu umetema nondo. Hebu rudi kwenye simu. Mimi napiga picha lakini wateja wanasema wakifika nyumba ni ndogo kuliko walivyoona.

---

#3 Dalali wa Goba

Ndugu, tatizo linaweza kuwa ile lenzi pana, ya sifuri nukta tano. Inavuta kuta, chumba cha futi kumi kinaonekana ukumbi. Itumie chooni na jikoni tu, sehemu ambazo huna pa kurudi nyuma, na andika vipimo chini ya picha. Vyumba vingine tumia lenzi ya kawaida, simama konani, simu iwe usawa wa kifua na imelala, siyo juu ya kichwa. Washa taa zote, fungua mapazia, futa kioo cha kamera kwa kitambaa (picha nyingi za madalali zina ukungu wa jasho la mfukoni), funga kifuniko cha choo. Piga saa tatu hadi saa nne asubuhi. Kama kuna mpangaji ndani, omba ruhusa, na usipige picha za watoto wake wala za familia ukutani. Hapo ni nyumbani kwa mtu.

Vidio ndiyo naipa uzito. Naanzia kituo cha daladala. Nawasha saa ya kuhesabu, naonesha kioo cha saa kwenye kamera, natembea hadi mlangoni bila kukata. Kama ni dakika 14, mteja anaziona 14. Tangu nianze hivyo safari za bure zimepungua sana, maana mteja asiyeweza kutembea dakika 14 haji kabisa, na anayekuja ameshakubali njia.

WhatsApp ya biashara inatosha kwa kupanga: ile orodha ya bidhaa naweka nyumba, na lebo za rangi kwa wateja: anatafuta, ameona, amelipa, ahamie tarehe fulani. Laini ya kazi iwe peke yake.

---

#4 Mpangaji Aliyechoka

Samahani wakuu, mimi siyo dalali. Naongea kwa uchungu. Mwaka jana nimetafuta chumba na sebule Kinondoni na Sinza miezi miwili. Kila dalali elfu kumi, elfu ishirini ya kuzungushwa kabla hujaona chochote. Nyumba mbili nilizooneshwa zilikuwa zimeshapangishwa. Moja nilioneshwa na madalali watatu tofauti kwa bei tatu tofauti. Zana gani itatibu hiyo?

---

#5 Dalali wa Goba

Dada (au kaka), pole sana, na uko sahihi kukasirika. Ulichokutana nacho nakijua kwa jina: nyumba moja, mnyororo wa madalali wanne, kila mmoja anaweka cha juu. Wa kwanza amepewa laki tatu na mwenye nyumba, wa nne anakuuzia laki nne.

Zana ninayotumia mimi ni karatasi mbili.

Ya kwanza ni mkataba wa udalali kati yangu na mwenye nyumba. Ukurasa mmoja: nyumba ipi, bei ipi, malipo yangu ni nini na nani anayalipa, kwa muda gani. Hakuna karatasi, sitangazi. Inanilinda na mwenye nyumba anayenizunguka na kumalizana na mteja niliyempeleka mimi, na inamlinda mpangaji, maana bei imeandikwa na akiomba kuiona namwonesha. Cha juu kinakufa hapo.

Ya pili ni karatasi ya kutazama nyumba. Mteja anaandika jina na namba ya simu, mimi naandika nyumba tunazokwenda kuona, na asubuhi ya siku hiyo nimepiga simu kwa kila mwenye nyumba kuuliza kama bado ipo. Hela ya kuzungusha sichukui. Nauli ya bodaboda kila mtu anajilipia. Najua wenzangu watanipinga, mafuta yanauma. Lakini dalali anayelipwa kwa kuzungusha anapata faida ukizunguka sana, na anayelipwa ukipata nyumba anapata faida ukipata. Mimi nimechagua upande wangu.

Ukitafuta tena, kabla ya kutoa hata mia muulize dalali: "Umeongea na mwenye nyumba lini mara ya mwisho?" Kisha kaa kimya umsikilize.

---

#6 Mpimaji wa Mbezi

Habari wadau. Mimi ni mpimaji ardhi kwa taaluma, nimevutwa na hadithi ya mita 300. Ni kweli kabisa na inatokea kuliko watu wanavyodhani. Niongeze mambo matatu.

Moja, kanda. Dar, Pwani, Morogoro, Tanga na Arusha ziko kanda ya 37 Kusini kwenye UTM, ule mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda. Dodoma mjini na Mwanza ziko kanda ya 36. Ukikosea kanda simu itakupeleka mamia ya kilomita, na hilo utaligundua mara moja. Ukikosea mfumo wa msingi kama ndugu yetu hapo juu, utasogea mita 300 tu, bado uko Goba ileile, na ndiyo maana ni hatari.

Mbili, programu nyingi za kubadilisha namba zina Arc 1960 ndani. Fungua mipangilio, uichague, ndipo uingize. Lakini soma ramani yako kwanza, kwa sababu upimaji wa karibuni unaweza kuwa kwenye mfumo mwingine. Usibuni.

Tatu, na hili nawaomba sana: hata ukifanya yote sawa, simu ya kawaida kwenye uwanja wazi inakosea kama mita 5. Kwenye kiwanja cha upana wa mita 20 hiyo ni robo. Simu ikupeleke mpaka kwenye kiwanja. Mpaka wenyewe aoneshe mpimaji, mbele ya majirani. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na zile tofali.

---

#7 Broka wa Kisauni

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Nawasoma kutoka Mombasa, nami niongeze la huku kwetu maana pwani ni moja lakini ardhi zina mambo yake.

Huku Kenya tuna sheria ya mawakala wa nyumba tangu 1984 na bodi yake ya usajili. Kwa hivyo chombo cha kwanza cha broka ni kusajiliwa. Wasiosajiliwa ni tele, hilo nalo silifichi. Mambo ya kutafuta rekodi za ardhi yanahamia kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa 2021, ingawa si kila kaunti imeingia na sisi bado faili za karatasi tunazijua.

Lakini nilitaka kusema lile la nyumba bila ardhi. Mombasa, mitaa kama Majengo na Kisauni, mtu anamiliki nyumba na udongo ni wa mwengine. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya ploti. Nyumba yauzwa, yarithiwa, yapangishwa, na udongo uko vilevile kwa mwenyewe. Mgeni kutoka bara au ng'ambo akioneshwa nyumba ya mawe nzuri kwa bei ya chini hufurahi, hajui anunua kuta na bati. Kwa hivyo fomu yangu ya kupokea nyumba, swali la kwanza kabisa ni: "Wauza nyumba pekee au nyumba na ardhi yake?" Na jibu naliandika kwa maneno yale yale aliyoyatamka muuzaji, kisha atia sahihi. Kisha naomba risiti za kodi ya ploti. Asiyekuwa na risiti za miaka mitatu simpeleki mteja.

---

#8 Dalali wa Goba

Mzee wangu wa Kisauni, hilo swali naliiba leo hii kwa ajili ya mapagale, nyumba ambazo hazijamalizika. Huku kwetu kuna watu wanauza pagale kwenye kiwanja cha urithi, yeye alijenga kuta lakini kiwanja ni cha ndugu sita. Nataka hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Wengi wanakuja na muhtasari wa kikao cha ukoo, umeandikwa vizuri, umegongwa muhuri wa serikali ya mtaa, sahihi kumi na mbili. Muhtasari ule ndio unaopelekwa mahakamani kuombea usimamizi. Hauuzi kiwanja.

---

#9 Dada wa Muscat

Assalaam alaykum. Mie niko Oman, kazi za ndani mwaka wa tano. Nataka kiwanja Kigamboni au Kibaha. Mara ya kwanza nilimtumia kaka yangu hela, sitaki kusema yaliyotokea. Sasa nataka kupitia dalali lakini naogopa. Nimuombe dalali nini ambacho nikikiona huku nitajua ni kweli?

---

#10 Dalali wa Goba

Waalaykumu salaam dada yangu. Pole kwa yaliyopita. Nikujibu kama ningekuwa nafanya kazi yako mimi.

Kwanza nakala ya hati, siyo picha ya jalada, kurasa zote, na namba ya kiwanja na kitalu vikisomeka. Kwa hiyo namba mtume wakili wako, wa kwako, asiyejuana na dalali wala muuzaji, afanye upekuzi rasmi. Majibu ayatume kwako moja kwa moja. Ikiwa eneo halijapimwa, na Kibaha utakutana nayo mengi, subiri. Wewe uko mbali, na kiwanja kisichopimwa kinataka mtu anayeweza kwenda kukaa na majirani. Bora ulipe zaidi upate kilichopimwa.

Pili, muombe dalali simu ya vidio akiwa kiwanjani, mpimaji akiwepo, saa unayochagua wewe. Vidio iliyorekodiwa inaweza kuwa ya mahali popote. Ikiwa hewani, mwambie: nioneshe bikoni, nisomee namba iliyoandikwa juu yake, sasa geuka polepole mzunguko mzima, sasa nipe jirani wa kushoto niongee naye. Muulize jirani maji yanapita wapi mvua ikinyesha na kiwanja hiki ni cha nani. Watu wa mtaa hawana sababu ya kukuficha.

Tatu, angalia eneo kwenye picha za zamani za Google Earth. Unarudisha nyuma miaka. Nimewahi kuona kiwanja kizuri chenye kifusi kipya, nikarudi nyuma miaka minane, pale palikuwa na dimbwi na matete.

Nne, hela usimtumie dalali. Hata mimi. Iende kwa muuzaji, jina la akaunti lifanane na jina la kwenye hati, baada ya mkataba kusainiwa mbele ya wakili. Ya dalali ni yake peke yake, kwa risiti. Na kabla ya kusaini ijulikane nani analipa kipi: kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na ushuru wa stempu kwa kawaida unabebwa na mnunuzi. Iandikwe ndani ya mkataba.

Nikuombe kitu kimoja zaidi. Dalali akikuharakisha, akikwambia kuna mtu mwingine anakuja na hela jioni hii, mwache huyo mtu anunue.

---

#11 Mwalimu wa Zamani

Kaka, asante kwa uzi. Mimi nimestaafu ualimu mwaka huu, niko Chamazi. Nawajua watu wote wa mtaa wangu, na tayari wananiomba niwatafutie wapangaji. Nina laki mbili tu ya kuanzia. Ninunue nini kwanza na niache nini? Na je, miaka yangu hii nisome kozi?

---

#12 Dalali wa Goba

Shikamoo mwalimu. Laki mbili inatosha, na miaka yako ni mtaji: mtaa ambao kila nyumba unajua nani alizaliwa humo hauuzwi dukani.

Nunua tepu ya mita 50, kaunta buku mbili, kitabu cha risiti chenye nakala, kalamu, na vibati vya kuandika majina ya funguo. Funguo za watu zisikae mfukoni pamoja, hapo ndipo heshima inapopotea. Zitundike kwenye ubao nyumbani, kila moja na kibati, na asiyesaini daftarini hapewi. Ndoo unayo. Simu uliyonayo itafaa kama inapiga picha inayosomeka. Lezari, stendi na pawabenki vitakuja na malipo ya nyumba ya pili au ya tatu. TIN, namba ya mlipakodi, kachukue TRA, ni bure, na kuhusu leseni ya biashara waulize manispaa mapema ili usije ukakimbizana nao.

Pikipiki usinunue. Mtaa wako unautembea.

Kozi, ndiyo, kama afya inaruhusu. Chuo Kikuu Ardhi hapa Dar na vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora ndiko wanakofundisha mambo haya, ulizia mafunzo mafupi. Kitu kimoja usifanye hata baada ya kozi: usimwandikie mtu karatasi ya thamani ya nyumba. Tangu sheria ya 2016 uthamini ni kazi ya mthamini aliyesajiliwa. Wewe sema "mtaani hapa zimefungwa bei hizi," umwoneshe daftari.

Na kwa kila mpangaji utakayemwingiza, siku ya kumkabidhi funguo zungukeni nyumba mkiwa watatu, wewe, yeye na mwenye nyumba. Piga picha ya mita ya Luku namba zikionekana, mita ya maji, kila ufa wa ukuta, kila kioo kilichovunjika, kitasa kinachogoma. Andikeni kwenye karatasi moja, sahihi tatu, kila mtu nakala. Nilianza kufanya hivyo baada ya kukaa baraza la kata kutwa nzima mwezi wa Ramadhani, watu wazima wawili wakigombania sinki lililopasuka, na mimi niliyekuwepo siku ya kwanza nashindwa kukumbuka kama lilikuwa zima.

Ukijaza mstari wa kwanza wa kaunta buku, mwalimu, niandikie PM. Nitakutumia nakala za fomu zangu zote, ile ya udalali, ya kutazama, ya makabidhiano, na hiyo ya mzee wa Kisauni nikimaliza kuiandika upya usiku huu.